Pampu Iliyolizidi Gari

Siku ya nne Fundi Taratibu alikuwa bado hajasema neno la kumsaidia mtu yeyote, naye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikiri kile tu ambacho hata kipofu angekipapasa akakijua: ndiyo, pampu ya mafuta ya gari la Mwalimu aliifunga yeye, Jumamosi mchana, kwa mikono yake hii hii. Akiulizwa kwa nini pampu ile na si nyingine, anatazama sakafu. Akiulizwa aliinunua wapi, anasema hakuinunua. Basi nani kainunua? Sakafu tena. Koplo, aliyekwisha kuwahoji wezi wa kuku na wezi wa mishahara na wote wakatapika, alitoka chumba cha mahojiano akijifuta shingo. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa huyu bwana utasikika gerezani.

Inspekta hakucheka. Alikuwa na muda hadi saa kumi alasiri. Saa kumi jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na kesho yake asubuhi Taratibu apandishwe kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Ushahidi ulitosha kumfunga. Tatizo la Inspekta, na tatizo hili lilikuwa limemkosesha vyeo viwili, ni kwamba ushahidi wa kutosha haukumtosha yeye.

Aliyekufa alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole wa miaka sitini na saba, mwenye gari kuukuu ambalo mtaa mzima ulilijua kwa sababu mtaa mzima ulikwisha kulisukuma. Jumapili alimpeleka mkewe kwa dada yake ng'ambo ya kilima, akamshusha, akageuza kurudi peke yake. Katikati ya kilima boneti likaanza kutoa moshi. Akasimama kando ya barabara, akashuka, akalifungua. Hapo ndipo alipouawa, maana moto uliokuwa umejifungia ndani ulipata hewa ukamrukia kifuani na usoni. Alifia hospitali kabla jua halijatua, bila kuamka.

Mjane wake aliitwa Bi Mwalimu na kila mtu. Tangu Jumatatu alikuja kituoni kila asubuhi, akaketi kwenye benchi la mapokezi na mkoba magotini, akasubiri. Hakulia mbele ya watu. Mara moja tu alimshika Inspekta mkono kwenye korido.

"Mwanangu," alisema, "mimi sitaki fidia. Nataka huyo aliyeweka kile kitu kwenye gari la mume wangu aniambie kwa nini."

Inspekta alimwahidi atalipata jibu. Ni ahadi ambayo askari hufundishwa asiitoe, na baadaye alijilaumu sana.

Siku hiyo ya nne alianza upya, na kuanza upya kwake ni kulala chini ya gari. Kabla ya kuhamishiwa upelelezi alikaa miaka sita kitengo cha ajali, kwa hiyo alitandika gunia nyuma ya kituo, akavua koti, akaingia uvunguni mwa lile gari lililoungua mbele na kubaki zima nyuma. Koplo alichuchumaa pembeni na kalamu, akiandika anachoambiwa.

Pampu ilikuwa nyuma, karibu na tangi, na moto haukuifikia. Inspekta aliimulika kwa tochi. Ilikuwa imefungwa juu ya vipande vya mpira ili isitikisike. Nyaya zake zilikuwa zimechomelewa vizuri na kufunikwa, hazikuzungushiwa tu utepe. Kila kibano kilikazwa sawasawa. Hiyo haikuwa kazi ya mtu wa kulipua kazi bora iishe. Akaifungua taratibu, akaisoma namba iliyogongwa kwenye bati lake, akaitia kwenye mfuko: kielelezo namba tatu.

Kisha akahamia mbele. Kwenye chuma kilichoungua, chini kidogo ya kabureta, aliona kitu ambacho Jumatatu walikiona wasikielewe. Bomba la mafuta lilikuwa limekatwa katikati na kuwekewa kiungo cha njia tatu. Njia moja ilikwenda kwenye kabureta. Nyingine ilikuwa na koki ndogo ya shaba, na baada ya koki kulikuwa na kipande cha mpira ulioyeyuka, ukielekea nyuma, kurudi kwenye tangi.

Ilibidi amweleze Koplo, kwa sababu Koplo hakuwahi kumiliki chochote chenye injini. Magari ya zamani yana kabureta, na kabureta hunyweshwa kwa kijiko: pampu yake ni dhaifu, inasukuma mafuta kidogo kidogo, basi. Magari yaliyokuja baadaye yana injekta, na injekta hutaka kusukumiwa mafuta kwa nguvu mara kumi ya hiyo au zaidi. Ukifunga pampu ya injekta kwenye gari la kabureta, mafuta yanafurika, yanamwagika juu ya injini ya moto. Hiki kielelezo namba tatu ni pampu ya injekta. Na hiki kiungo cha njia tatu ni njia ya kupunguza nguvu yake: sehemu kubwa ya mafuta irudishwe kwenye tangi, kidogo tu yaende mbele. Ni dawa ya muda. Mpira wa kurudishia ukijikunja au ukichomoka, dawa imekwisha.

Koplo alipiga paja. Kwa hiyo Taratibu alijua pampu ina nguvu kupita kiasi! Kesi imekwisha. Alijua, na bado akafunga.

"Alijua," Inspekta alikubali, akijifuta masizi. "Ndiyo maana siielewi. Fundi anayejua hivi kwa nini asiseme tu, rudisha hii dukani, lete nyingine?"

Kabla ya kuondoka alisugua kwa kitambaa kile kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye ukuta wa injini, akanakili namba ya chesisi na mwaka gari lilipotengenezwa: themanini na sita. Hakuwa na sababu maalumu ya kuuandika. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kinachosomeka.

Gereji ya Taratibu ilikuwa ua mmoja wenye paa la mabati nusu, na kila spana ilining'inia mahali pake ukutani. Walipekua kwa hati, mke wa fundi akiwa shahidi na mtoto mgongoni. Koplo alikuwa na dhana yake, na kusema kweli haikuwa dhana mbaya: fundi kapewa hela ya pampu nzuri, kanunua takataka ya mtumba, chenji kaitia mfukoni. Mafundi wangapi hawafanyi hivyo? Cha rahisi ghali, alisema Koplo, na leo ghali yenyewe ni roho ya mtu.

Dhana hiyo ilikufa kwenye rafu ya juu kabisa. Nyuma ya makopo ya grisi kulikuwa na boksi, limevingirishwa plastiki, namba yake ni ile ile iliyogongwa kwenye kielelezo namba tatu. Pampu ilikuwa mpya na halisi. Chini ya boksi kulikuwa na mhuri wa duka la vipuri la barabara ya stendi, na bei iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Inspekta alimwuliza mke wa fundi pampu ya kawaida ya gari la kabureta inauzwaje, na yule mama, aliyelelewa humo humo kwenye grisi, akajibu bila kufikiri: theluthi ya hiyo. Sasa mwizi gani anaiba kwa kununua kitu mara tatu ya bei yake?

Kisha lilipatikana daftari. Taratibu aliandika kila kazi kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na kuuheshimu kila mstari. Jumamosi, mstari wa tatu: "Gari la Mwalimu. Pampu. Kipunguza presha kinakuja Jumanne. Asiendeshe mbali kabla." Koplo akasema mtu anaweza kuandika hivyo Jumapili jioni baada ya kusikia habari za moto. Njia ya mwongo ni fupi. Inspekta akamwonyesha mistari miwili iliyofuata, kazi nyingine mbili za Jumamosi hiyo hiyo, zimebanana bila nafasi ya kuchomeka neno. Wenye magari hayo walipigiwa simu. Wote wawili walisema walimwona fundi akiandika mbele yao, mmoja kabla ya saa tisa, mwingine baadaye kidogo. Koplo akaacha kubishana.

Ilikuwa saa saba na nusu walipoingia duka la barabara ya stendi. Kaunta yake ilijaa vyuma vichafu, maana hivyo ndivyo vipuri vya magari makuukuu hununuliwa: mtu hafiki na maneno, anafika na kitu kilichokufa mkononi, anakiweka kaunta, anasema nipe ndugu yake. Sampuli, wanaiita. Muuza vipuri alikuwa mtu mnene wa miwani iliyopandishwa kipajini. Alimwita Inspekta dada, akamwuliza sampuli yake iko wapi. Inspekta akaweka kaunta kitambulisho, kisha kielelezo namba tatu. Yule bwana akashusha miwani, na dada akawa afande.

Hakuwa na la kuficha. Alitoa kitabu cha risiti, akalowesha kidole, akafunua nakala za wiki iliyopita. Pampu ile iliuzwa Ijumaa asubuhi. Kwenye nakala aliandika namba ya gari, aina yake, na mwaka: tisini na saba.

Inspekta alifungua daftari lake dogo, akaliweka kando ya kitabu kile. Tisini na saba. Themanini na sita.

"Huu mwaka umeupata wapi?"

Kwenye kadi ya gari, alisema muuza vipuri. Mteja hakuja na sampuli, alikuja na kadi. Akaiweka kaunta imenyooka, ndani ya bahasha. Aliulizwa gari ni la kabureta au la injekta, akasema hajui mambo hayo, ila kila kitu kimeandikwa humo. Basi yeye akasoma mwaka, akafungua kitabu cha vipuri, na kwa mwaka huo gari hilo ni la injekta.

Inspekta alimweleza polepole. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ile ni mwaka gari lilipoandikishwa nchini, si mwaka lilipotengenezwa. Gari la Mwalimu lilikuja mtumba likiwa na umri wa miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo kiwanda kiliacha kabureta kikahamia injekta, jina likabaki lile lile, bodi ile ile. Muuza vipuri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda akakaa, kwa sababu yeye pia alisoma gazeti la Jumatatu, na ndiyo kwanza anaunganisha. Miaka ishirini ameuza vipuri, alisema, na kila siku anawaambia watu waje na sampuli, waje na sampuli. Ile siku hakusisitiza. Mteja alionekana mtu makini, na karatasi ilikuwa ya serikali.

Inspekta aliuliza mteja alikuwa nani. Yule bwana alisema hajui jina. Alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti ya upole. Alikaa pale kwenye stuli, mkoba magotini, akataka aonyeshwe pampu zote na aelezwe ipi inazidi ipi. Alitolewa mbili. Akauliza ipi yenye nguvu. Alipoambiwa, hata bei hakuibishia, alitoa noti zilizokunjwa kidogo kidogo, za kuweka akiba.

"Unakumbuka alisema nini?"

"Nakumbuka, afande, maana nilicheka." Sasa hakuwa akicheka. "Alisema, mume wangu amelisukuma lile gari mpaka magoti yamekwisha. Nipe ile ambayo hatalisukuma tena."

Barabarani Koplo alifungua mlango wa gari la polisi akabaki ameushika. Yeye ndiye aliyechukua maelezo ya mjane Jumatatu. Aliuliza nani alifunga pampu, na lini, na gari lilikuwaje. Hakuuliza nani aliinunua, kwa sababu kila mtu anajua spea hununuliwa na fundi. Alisema hayo yote kwa mkupuo, ingawa hakuna aliyekuwa amemlaumu. Inspekta akamwambia apande, muda unakwenda.

Saa nane na nusu alikuwa tena mbele ya Taratibu, safari hii bila Koplo na bila kalamu. Fundi alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, kucha zake nyeusi za kazi. Inspekta aliketi, akamwambia jambo moja tu: pampu ilinunuliwa Ijumaa na mke wa Mwalimu, na yeye Inspekta sasa hivi anatoka dukani alikoinunua.

Taratibu alifunika uso. Jiwe la siku nne lilipasuka hivyo, bila kelele, na maneno yakatoka mengi kuliko jalada lilivyoweza kubeba.

Mwalimu alifika gereji Jumamosi na boksi kifuani, amefurahi kupita kiasi. Mkewe alikuwa amedunduliza miezi minane ya mauzo ya vitumbua bila kumwambia, akamkabidhi zawadi Ijumaa baada ya chakula, akakaa kitako kumwangalia anavyoifungua. Taratibu aliiona namba tu akajua. Alimwambia Mwalimu pale pale: hii ni ya injekta, itatuunguza, irudishwe, duka watabadilisha bila neno, tena atarudishiwa chenji nzuri. Mwalimu akaligeuza boksi. Kisha akasema hapana, funga. Nikirudi nyumbani na nyingine atajua amekosea, na miezi minane yake itakuwa ya kuchekesha. Hukuuona uso wake, Taratibu. Tafuta namna.

Basi fundi akatafuta namna. Kuna kifaa cha kupunguza presha, kinafungwa mbele, pampu yoyote inakuwa mpole. Hakikuwepo mjini, akakiagiza, kitafika Jumanne. Kwa muda akatengeneza ile njia ya kurudisha mafuta, akamwapisha Mwalimu gari lisivuke mtaa. Mwalimu naye akamwapisha yeye: mke wangu asilijue hili, leo wala milele.

"Wote tuliapa," alisema Taratibu. "Yeye cha kwake kilimshinda Jumapili. Mimi cha kwangu nimekishika. Sasa nimvunjie mtu ahadi na yuko kaburini?"

Inspekta alimwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimekwisha kulia. Asiposema, kesho atasomewa shtaka. Ana watoto wanne.

"Nisomewe," alisema fundi. "Afande, nakuomba kama dada yangu. Mimi nitafungwa, nitatoka. Yule mama ukimwambia, yeye hatatoka."

Inspekta alichoka ghafla, akatamani angekuwa na kazi nyingine yoyote, hata ya kupima magari mizigo barabarani. Lakini jalada halina ukurasa wa huruma. Ili Taratibu atoke lazima iandikwe nani alinunua, kwa kadi ipi, na nani aliamuru ifungwe. Ili iandikwe, aliyenunua lazima aulizwe. Alikwenda mapokezi. Saa tisa kasoro dakika chache.

Bi Mwalimu alisimama alipomwona. Waliingia ofisini, mlango ukafungwa. Inspekta alianza na Jumapili, kwa sababu alikuwa bado hajui kwa nini mtu aliyeapa asivuke mtaa alivuka kilima.

Yule mama alisimulia bila kusita. Alikuwa na hamu ya kumwona dada yake. Mwalimu alisema wapande basi. Yeye akamtania: basi tena? Pampu mpya ya nini sasa, ya kuwekwa kabatini na vyombo vya wageni? Mwalimu akacheka, akasema haya, akachukua funguo. Kwenye kilima gari lilipanda bila kukohoa hata mara moja, na yeye akampiga bega akamwambia unaona? Unaona pampu yangu? Mwalimu akasema anaiona. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, hakuzungumza sana. Yeye alidhani mumewe anafurahia.

"Ndiyo maana nakwambia, mwanangu," alisema Bi Mwalimu. "Ile niliyoinunua mimi ilikuwa nzuri. Huyu fundi ameiuza, akatufungia nyingine. Hilo ndilo nataka alikiri."

Kwa hiyo siku nne zote aliamini hivyo. Inspekta alifungua droo. Aliweka mezani pampu, kisha boksi, akazigeuza namba zitazame upande wa mama.

"Soma, mama."

Bi Mwalimu alivaa miwani. Aliishi na mtu wa hesabu miaka thelathini na nane, alijua kulinganisha tarakimu. Alisoma ya boksi kwa kidole. Akasoma ya pampu. Akarudi ya boksi.

"Ni ile ile," alisema.

"Ni ile ile."

Inspekta alimweleza yote, na hakuupamba ukweli kwa maneno mengi kwa kuwa aliogopa akisita hataweza kuendelea. Kadi na mwaka wake. Kabureta na injekta. Muuza vipuri alivyosoma karatasi badala ya kuomba sampuli. Alisema hapa hapana uhalifu, hata mwanasheria angekosea vile vile. Bi Mwalimu alikuwa ameweka kiganja juu ya pampu, hakukiondoa.

"Na fundi hakuona?"

"Aliona. Alitaka irudishwe."

"Sasa kwa nini haikurudishwa?"

Hili ndilo Taratibu aliloomba lisisemwe. Inspekta alitazama saa ya ukutani, akatazama uso ule, akasema.

"Mwalimu alikataa. Alisema hutajua umekosea maadamu yuko hai."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa, akaivua tena. Aliuliza kama mume wake alijua, Jumapili, alipochukua funguo. Inspekta akasema alijua. Aliuliza kama alijua pale kilimani, alipompiga bega. Inspekta akasema ndiyo, mama, alijua, akatazama dirishani.

Waliyaandika maelezo pamoja, ukurasa mmoja na nusu. Bi Mwalimu aliyasoma neno kwa neno, akasahihisha mahali Inspekta alipoandika "kwa bahati mbaya". Aliomba yafutwe, ibaki tu kwamba alinunua yeye. Akatia sahihi. Koplo aliondoka mbio na jalada saa kumi kasoro robo, na mwendesha mashtaka, baada ya kulisoma mara mbili, alipiga simu kusema fundi aachiwe.

Taratibu alitolewa mahabusu akiwa ameshika mkanda na viatu vyake mkononi. Alipomwona Bi Mwalimu amesimama mwisho wa korido alisita, akatazama nyuma, kana kwamba angependa kurudi ndani. Kisha akaenda mpaka mbele yake, pekupeku, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama. Nilimwahidi."

Bi Mwalimu alimshika bega, bega la mkono ule uliofunga pampu, na machozi ambayo kituo kizima hakikuyaona siku nne yakamtoka bila yeye kuyafuta.

"Mlinihurumia nyote wawili," alisema. "Mmoja wenu angenigombeza tu, leo ningekuwa na mume."